Seán Óg, Mtoto wa Rotuma na Nahodha wa Cork

Jina la Seán Óg Ó hAilpín nililisikia kabla sijauelewa mchezo wenyewe. Ilikuwa mwaka 1999, mwaka wangu wa kwanza mjini Cork, kusini mwa Ayalandi, nilikokwenda kufanya kazi ya kutunza wazee. Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa upande wa kaskazini wa jiji, juu kwenye miinuko ambako nyumba za wafanyakazi zimepangana kufuata barabara. Ilipoingia Septemba, bendera nyekundu na nyeupe zikaanza kutundikwa madirishani, moja baada ya nyingine, hadi mtaa mzima ukawa rangi mbili. Wazee waliokuwa wakilalamika kutwa kuhusu viungo wakasahau viungo. Cork ilikuwa imeingia fainali ya halingi.

Miaka zaidi ya ishirini na mitano imepita. Wachezaji wa siku zile sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na wengi wa wazee walionifundisha mchezo huo wametangulia mbele ya haki. Naandika haya kwa sababu ya vijana wa Kiafrika waliozaliwa huku, ambao huniuliza swali moja kwa namna nyingi: “Shangazi, hivi sisi tutakuja kuwa watu wa hapa kweli?” Jibu langu siku zote huanza na yule beki wa kushoto aliyevaa jezi namba 7.

Nieleze kwanza mchezo, kwa wasioujua. Halingi ni mchezo wa kale wa Waayalandi. Timu mbili za watu 15 hugombea mpira mdogo wa ngozi kwa magongo yenye ncha bapa, yaliyochongwa kwa mbao ngumu isiyovunjika upesi. Mpira unaweza kupigwa ukiwa chini, kupigwa hewani, kudakwa kwa mkono, au kubebwa juu ya ncha ya gongo huku mchezaji akikimbia. Milango ya goli ina miimo mirefu inayopanda juu ya mtambaa-panya: ukiupitisha mpira chini ya mtambaa-panya ni goli, lenye thamani ya pointi 3, ukiupitisha juu yake, kati ya miimo, ni pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza na pointi baadaye. Mechi za timu za wakubwa za kaunti huchezwa dakika 70, na ndani ya dakika hizo mpira hausimami. Mara ya kwanza kuutazama nilikuwa nikifumba macho kila magongo yalipokutana.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini. Miguu ilikuwa imemkataa, lakini kumbukumbu ilikuwa kali. Katika ujana wake alimwona Christy Ring, mtu wa Cloyne aliyeichezea Cork na klabu ya Glen Rovers, na kutwaa ubingwa wa Ayalandi mara 8 kati ya mwaka 1941 na 1954. Kwa mzee huyo, historia ya dunia iligawanyika mara mbili: kabla ya Ring na baada ya Ring. Kwa hiyo aliponiambia kwamba kuna kijana mmoja wa kumtazama, nilijua si maneno ya kupita.

“Mtazame huyu, binti yangu,” alisema siku ya fainali, akinyoosha kidole kwenye televisheni. “Ametoka mbali kuliko wewe.”

Sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa. Ndivyo walivyofanya Waayalandi wengi wakati ule: picha kwenye televisheni, sauti kutoka redioni, kwa sababu redioni alikuwapo Micheál Ó Muircheartaigh, mtangazaji aliyejua ukoo wa kila mchezaji na kuusimulia mpira ukiwa bado hewani. Ni yeye aliyesema maneno ambayo Ayalandi nzima inayajua hadi leo: kwamba baba yake Seán Óg ni wa Fermanagh, mama yake ni wa Fiji, na kote kuwili si ngome ya halingi. Watu walicheka kwa furaha, na jambo lenyewe lilikuwa kweli tupu. Fermanagh, kaskazini mwa kisiwa cha Ayalandi, ni nchi ya kandanda ya Kigaeli, mchezo mwingine wa Waayalandi. Na mama yake ni wa Rotuma, kisiwa kidogo cha volkano kilicho peke yake baharini, mamia ya kilomita kaskazini ya visiwa vikuu vya Fiji, chenye watu wenye lugha yao wenyewe.

Seán Óg alizaliwa mwaka 1977, na utoto wake wa mwanzo ulipita Sydney, Australia. Mwaka 1988 familia ilihamia Cork. Alikuwa mtoto wa miaka 11, umri ambao wenzake wa Cork walikuwa wameshashika gongo tangu walipoanza kusimama. Yeye alianza pale. Akajiunga na klabu ya Na Piarsaigh, hapo hapo upande wa kaskazini, na akasoma North Monastery, shule ambayo kwa watu wa Cork jina lake haliachani na halingi. Mwaka 1994 timu ya shule hiyo ilitwaa kombe la shule za mkoa wa Munster, na yeye alikuwa ndani yake. Mwaka 1996 aliitwa timu ya wakubwa ya kaunti. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu ateremke kwenye ndege.

Fainali ile ya Septemba 1999 ilichezwa kwenye mvua. Kilkenny walikuwa upande wa pili, na hakuna timu iliyoweza kufunga goli hata moja. Mpira uliteleza, magongo yaliteleza, kila pointi ilipatikana kwa tabu. Cork walishinda 0-13 kwa 0-12. Kumbukumbu yangu ya siku ile ni ya chumba kilichojaa wazee wakipiga makofi kwa mikono inayotetemeka, na mzee wangu akilia bila kuficha. Wiki mbili baadaye Seán Óg alirudi uwanja ule ule wa Croke Park, safari hii kuichezea Cork fainali ya kandanda ya Kigaeli dhidi ya Meath. Walishindwa. Lakini mtu mmoja kucheza fainali mbili za taifa katika michezo miwili tofauti ndani ya mwezi mmoja, hilo mzee alilirudia kwa kila mgeni aliyeingia chumbani.

Kuna jambo ambalo mtu asiyelijua hawezi kuelewa uzito wa habari hii. Halingi ni mchezo wa ridhaa. Wachezaji wanaojaza uwanja wa watu zaidi ya 80,000 hawalipwi mshahara. Jumatatu wanarudi kufundisha shule, kujenga nyumba, kuhudumia wateja benki. Chama chao, kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884, kinasimama juu ya klabu za mitaa na parokia, na kwa kawaida mtu huichezea klabu ya pale alipokulia, kisha kaunti ya klabu hiyo. Hakuna tajiri anayekuja kukununua. Ukivaa jezi ya Cork, ni kwa sababu Cork imekulea. Kwa hiyo kila Seán Óg alipoingia uwanjani, hakuwa mgeni mwenye kipaji aliyeletwa kusaidia. Alikuwa kijana wa mtaani, mwenye sura ya Pasifiki na lafudhi ya vilima vya kaskazini mwa Cork, akiwakilisha majirani zake.

Mwaka 2001 alipata ajali ya gari. Kano ya goti ilikatika, na mtaani watu walianza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha. Kwetu tuliokuwa tukiwanyoosha wazee miguu kila asubuhi, goti si jambo dogo. Nilijua maumivu ya kulikunja tena kidogo kidogo, na uchovu wa kurudia zoezi lile lile bila kuona mabadiliko. Alirudi. Na aliporudi alikuwa amekuwa mchezaji imara zaidi, maarufu kwa nidhamu ya mazoezi ambayo hata wapinzani wake waliisifu.

Nilimwona kwa macho yangu katika mechi za ubingwa za miaka iliyofuata, na ningependa kueleza alivyocheza, kwa sababu sifa nyingi zinazotolewa juu yake huishia kwenye asili yake na kuisahau kazi. Alikuwa beki wa mstari wa pili, kushoto. Kazi ya beki huyo ni kumkaba mshambuliaji hatari na wakati huo huo kuudaka mpira mrefu unaoshuka kutoka kwa golikipa wa wapinzani. Mpira unakuja juu sana, watu wawili au watatu wanaruka, magongo yamenyanyuliwa, na mtu mmoja anatia mkono mtupu katikati ya mbao hizo. Mkono huo mara nyingi ulikuwa wake. Akishaupata hakuwa na papara: hatua mbili tatu, bega linafungua njia, kisha mpira unaruka mbali kuelekea kwa wenzake. Yeye, Ronan Curran na John Gardiner walikuwa mstari ambao timu nyingi ziliufikia na zikaishia hapo.

Mwisho wa mwaka 2002 wachezaji wa Cork waligoma. Walidai mambo ya kawaida kabisa: usafiri unaofaa, matibabu, vifaa, heshima. Kwa watu wanaocheza bure, kugoma lilikuwa neno zito, na familia ziligawanyika mezani. Seán Óg alisimama na wenzake. Walisikilizwa, na chini ya kocha Donal O'Grady timu ikajengwa upya. Mwaka 2003 walifika fainali, na safari hiyo ndugu yake mdogo Setanta alikuwa mbele akiwasumbua mabeki wa kila kaunti. Alifunga goli katika fainali hiyo, lakini Kilkenny wakashinda, na baada ya hapo Setanta akaenda Australia kucheza mpira wa kule kama mchezaji wa kulipwa. Seán Óg alibaki Cork.

Sasa nifike mwaka 2004, mwaka ambao sisi wahamiaji hatutausahau. Mwezi Juni Waayalandi walipiga kura ya maoni kuhusu uraia. Hadi siku ile, mtoto aliyezaliwa kisiwani alikuwa na haki ya uraia. Karibu watu wanane katika kila kumi waliopiga kura walikubali haki hiyo isiende tena moja kwa moja kwa watoto wa wageni. Mabango ya kampeni yalikuwa kwenye nguzo za barabara niliyopita kwenda kazini. Wanawake wa Kiafrika wajawazito waliangaliwa matumbo madukani. Mimi mwenyewe nilikuwa na mimba, na mtu mmoja nisiyemjua aliniuliza kwenye kituo cha basi kama nimekuja kuzalia huku. Sikumjibu, lakini nililibeba swali lile hadi nyumbani na nikalala nalo.

Miezi mitatu baadaye, Septemba 2004, Cork waliifunga Kilkenny 0-17 kwa 0-9 na kuwazuia kutwaa ubingwa wa tatu mfululizo. Mwisho wa msimu Seán Óg akachaguliwa mchezaji bora wa halingi wa mwaka kwa nchi nzima. Sisemi kwamba mambo haya mawili yalifutana. Baba yake ni Mwayalandi, na sheria ile haikumgusa kabisa. Lakini nchi iliyokuwa ikibishana ni nani anayehesabiwa kuwa mwenzao ilijikuta, mwaka huo huo, ikimtaja kijana mwenye mama wa Rotuma kuwa bora kuliko wote katika mchezo wanaouona kuwa roho yao. Nilipokuwa nikisukuma kitoroli cha mwanangu barabarani wakati wa baridi, watoto wa mtaa walikuwa wakipigiana mpira ukutani, na nikamsikia mmoja mwenye nywele nyekundu na madoadoa usoni akipiga kelele, “Mimi ndiye Seán Óg!” Mwenzake akabisha kwamba Seán Óg ni yeye. Waligombana juu ya hilo kwa dhati.

Mwaka 2005 alifanywa nahodha. Kwa desturi ya Cork, klabu inayotwaa ubingwa wa kaunti ndiyo inayopata heshima ya kutoa nahodha wa timu ya mwaka unaofuata, na Na Piarsaigh walikuwa mabingwa wa 2004. Mzee wangu alikuwa amefariki majira ya kuchipua. Binti yake, ambaye tuliitana dada kutokana na usiku mwingi tuliokesha naye pembeni ya kitanda, alipata tiketi kupitia klabu na akaniambia nafasi ya baba ni yangu.

Tulipanda treni alfajiri ya tarehe 11 Septemba. Mabehewa yalikuwa mekundu tupu. Nusu fainali Cork walikuwa wamewapita Clare kwa pointi moja tu, na Galway, wapinzani wa fainali, walikuwa wamewatoa Kilkenny katika mechi ya magoli 9. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na uhakika, na hofu ile iliwafanya watu wazungumze bila kukoma hadi Dublin. Croke Park nilikuwa nimeizoea kwenye televisheni, lakini televisheni haikuonyeshi jinsi uwanja unavyonguruma mpira ukiwa bado haujatua. Ben O'Connor alifunga goli mapema. Kipindi cha pili Damien Hayes akawarudishia Galway matumaini. Kisha Cork wakatulia, wakaongeza pointi moja moja, na filimbi ya mwisho ikapulizwa ubao ukisomeka 1-21 kwa 1-16.

Siku zile watu bado waliruhusiwa kumiminika uwanjani baada ya fainali. Tulishuka na umati hadi kwenye nyasi, chini ya jukwaa la Hogan, ambako manahodha hupokea Kombe la Liam MacCarthy. Seán Óg alipanda ngazi. Alilishika kombe, akasogea kwenye maikrofoni, na akaanza kuzungumza Kiayalandi.

Ni desturi ya manahodha kutia sentensi moja au mbili za Kiayalandi, kisha kuhamia Kiingereza, lugha ambayo Waayalandi wengi huishi nayo kila siku. Yeye hakuhama. Hotuba nzima aliitoa katika lugha ya nchi, kwa ufasaha, mbele ya maelfu ambao wengi wao waliisoma shuleni na kuiacha pale. Na ndani ya hotuba hiyo akaitaja Fiji, akaitaja Rotuma. Dada yangu alikuwa akinitafsiria sikioni, lakini majina hayo niliyasikia mwenyewe. Umati ulilipuka. Wanaume wazima waliokuwa wamesimama mbele yetu walikumbatiana.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini dakika zile zilinishika hivyo. Mtu aliyehamia nchi ya watu hufundishwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba ili akubaliwe lazima aache kitu mlangoni. Seán Óg alisimama mahali pa juu kabisa ambapo mwanamichezo wa Ayalandi anaweza kusimama, akasema lugha ya kale ya nchi ya baba yake, na kwa lugha hiyo hiyo akakiinua kisiwa cha mama yake. Hakuacha hiki ili apewe kile. Jioni ya Jumatatu timu iliporudi Cork, watu walijaa mitaani kuipokea, na nilimnyanyua mwanangu begani kama kina mama wengine. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Yaliyofuata hayakuwa ya furaha tupu. Mwaka 2006 Kilkenny waliwazuia Cork kutwaa ubingwa wa tatu mfululizo, wakilipiza kile walichofanyiwa wao 2004. Kulikuwa na mgomo mwingine mwishoni mwa 2007, na mwingine tena mwaka uliofuata, mchungu kuliko yote, ambao ulifanya maelfu ya watu waandamane Cork kuwaunga mkono wachezaji Februari 2009. Seán Óg alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele, na kwa sababu hiyo wapo waliompenda wakamkasirikia. Niliwasikia watu wakimsema vibaya, na nilitega sikio nisikie kama kuna atakayemwambia arudi kwao. Sikumsikia mtu. Walimkasirikia kama anavyokasirikiwa ndugu, kwa hoja, kwa kelele, na kwa kumtaja baba yake. Nadhani hapo ndipo nilipojua kwamba mapokezi ya 2005 hayakuwa ya siku ya ushindi peke yake.

Mwisho wa mwaka 2010 aliachwa kwenye timu. Alikuwa na miaka 33, na wengi waliona ndiyo mwisho. Mwaka 2012 Jimmy Barry-Murphy, kocha wa ushindi wa 1999, alirudi kuiongoza Cork na akamwita tena. Walifika nusu fainali, wakatolewa na Galway, na mwaka huo akastaafu kuichezea kaunti. Alikuwa ametwaa ubingwa wa Ayalandi mara 3, katika miaka 16 tangu avae jezi ya wakubwa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza halingi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwaka 2024 Micheál Ó Muircheartaigh alifariki, na siku ile redio zote zilikumbusha maneno yake kuhusu Fermanagh na Fiji. Katika miaka hii Wexford wameongozwa na Lee Chin, ambaye baba yake ametoka Malaysia, na Boidu Sayeh, aliyezaliwa Liberia, ameichezea Westmeath kandanda ya Kigaeli. Jumamosi asubuhi nikipita viwanja vya klabu huku Cork, naona watoto wa Kinaijeria, wa Kikongo, wa Kifilipino na wa Kipolandi wakiwa na magongo mkononi, wakikaripiwa na makocha wale wale wanaowakaripia watoto wa Cork.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza, siwadanganyi kwamba milango yote iko wazi. Maswali ya kituo cha basi bado yapo, na miaka ya karibuni yamerudi kwa sauti kubwa zaidi. Ninawaambia nilichokishuhudia: mtoto wa miaka 11 aliingia klabu ya mtaani kwake bila kujua kushika gongo, akajifunza kazi yote, akajifunza lugha, akavunjika na kurudi, akagombana na wakubwa wa kaunti yake kama mwenyeji anavyogombana, na hakulificha jina la kisiwa cha mama yake hata siku moja. Nendeni klabuni. Jifunzeni Kiayalandi, na Kiswahili cha nyumbani msikiache. Siku mtakapopewa maikrofoni, semeni vyote viwili.